Bip ya asubuhi: historia ya nyumba inayomtunza mzee Likasi

Kila asubuhi, katika nyumba nyingi za Kikula na Panda, mzee anashika telefone yake ndogo ya vitufe, anatafuta jina la mtoto wake, anaacha ilie mara moja, kisha anakata. Mbali huko, Kolwezi au Lubumbashi, mtoto anatazama kioo cha telefone. Anaona jina la mama, lakini hapokei. Anavaa viatu na kwenda kazini. Hakuna aliyesema neno, na hakuna yunite iliyoliwa. Lakini habari imefika: mama ameamka, mama ni mzima.

Wakaaji wa Likasi wanaiita bip. Wengi wanaicheka, wanasema ni ujanja wa watu wasio na pesa. Lakini katika inchi tajiri kuna makampuni makubwa yanayouza mashine za kufanya kazi hiyo hiyo: kumjulisha mtoto aliye mbali kwamba mzazi wake ameamka salama. Wanaita nyumba zenye mashine hizo nyumba zenye akili.

Likasi nayo ina historia yake ya nyumba zinazomtunza mtu. Ni historia ndefu kuliko telefone, na wazee wa Gécamines wanaijua vizuri kwa sababu waliishi ndani yake. Inafaa ikumbukwe leo, wakati vijana wengi wako mbali na wazee wengi wanalala peke yao.

Umeme ulikuja kwa ajili ya shaba

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji uliokua karibu na machimbo ya Likasi ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa Société Générale de Belgique. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966.

Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Pale shaba inasafishwa kwa umeme: mkondo unapitishwa ndani ya matangi yenye maji ya asidi, na shaba safi inajishika kwenye vibao kidogo kidogo. Kazi hiyo inakula umeme mwingi, usiku na mchana. Ndiyo maana kompani iliziba mto Lufira na kujenga kituo cha Mwadingusha, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1930. Ziwa Tshangalele lilizaliwa hapo. Baadaye vikaja Koni kwenye mto huo huo, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba.

Kwa hiyo umeme haukuletwa Likasi ili kambo aone njia usiku. Ulikuja kwa ajili ya shaba. Kiwanda kilikuwa cha kwanza, nyumba za Wazungu zikafuata, na kampi za wafanyakazi weusi zikaja nyuma kabisa. Mpangilio huo haujasahaulika, na utaonekana tena mbele katika habari hii.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kompani ilibadilisha siasa yake. Zamani ilileta wanaume kwa muda mfupi, wakachoka, wakarudi vijijini. Sasa ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto, kwa mikataba ya miaka mitatu. Ikajenga nyumba, ikatoa posho ya unga, ikafungua hospitali, mashule na vituo vya kupima watoto wachanga. Maisha ya kampi yalikwenda kwa sirene ya kiwanda. Ilipolia, mke alijua mume anaingia kazini au anatoka.

Ndipo watu wa Katanga wakazoea kusema kompani ni baba na mama. Donatien Dibwe dia Mwembu, profesa wa historia katika Université de Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 2001. Kichwa chake kinazungumza juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Baba huyo alikuwa na jicho kali. Mkubwa wa kampi alijua nani amelala wapi na mgeni gani amefika. Usafi wa nyumba ulikaguliwa, na mtoto asipokwenda shule iliulizwa kwa nini. Watu walitunzwa, lakini pia walichungwa. Wazee wanaosimulia habari za kampi husifu posho na hospitali, na papo hapo huwakumbuka wakaguzi.

Nyumba ilikuwa ya kazi

Kasoro moja ya nyumba ile haikuonekana mapema: ilikuwa nyumba ya kazi. Mtu alipomaliza kazi, haki yake ya kukaa kampini ilikwisha pamoja nayo. Fikra ya wakoloni ilikuwa kwamba mfanyakazi mweusi akizeeka atarudi kijijini, na huko jamaa watamtunza. Pensheni kwa wafanyakazi wa Congo iliwekwa na dekri ya mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Kompani ilikuwa imefikisha miaka 50.

Lakini mtu aliyezaliwa Panda, akasoma Panda na kuoa Panda, atarudi kijiji gani? Kizazi cha wazee wa mjini kilikuwa kinakua bila mtu kukipangia nyumba.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliichukua Union Minière, na kompani mpya ikaja kuitwa Gécamines. Mtindo wa baba na mama uliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na taa za kampi ziliwaka. Mjini, mtu wa Gécamines alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Kifungo cha shingoni na birika la Japani

Wakati huo huo, mbali na Katanga, watu wengine walikuwa wanatafuta dawa ya swali hilo hilo: mzee anayekaa peke yake afanyiwe nini?

Mwaka 1974 huko Marekani, mwanasaikolojia Andrew Dibner alianzisha kompani ya Lifeline. Wazo lake lilikuwa rahisi. Mzee anavaa kifungo kidogo mwilini. Akianguka au akijisikia vibaya, anabonyeza. Kifungo kinaamsha kisanduku kilichounganishwa na telefone ya waya ya nyumbani, na kisanduku kinapiga simu hospitalini. Pale kuna mtu wa zamu. Anampigia mzee, na asipojibiwa anamwita jirani au ndugu ambaye jina lake limeandikwa tayari.

Mashine ni kifungo na waya tu. Nusu ya pili ya mpango ule ni watu: mtu wa zamu, na jirani mwenye ufunguo.

Mwaka 2001, huko Japani, kompani ya Zojirushi ilitoa birika la umeme lenye redio ndogo ndani yake. Wazee wa Japani hunywa chai kutwa nzima. Mzee akimimina maji ya moto, birika linakumbuka, na mara mbili kwa siku linatuma ujumbe kwa mtoto wake: leo birika limetumika saa fulani na saa fulani. Siku ambayo halikutumika, mtoto anajua kwamba kuna jambo. Mzee habonyezi kitu chochote, anakunywa chai yake tu.

Mashine zilizofuata zinakwenda njia hizo mbili. Nyingine zinangoja mzee aite mwenyewe, kama kile kifungo. Nyingine zinamtazama mzee na kutoa habari zake, kama lile birika: vijicho vya kuhisi mwendo, milango inayohesabu imefunguliwa mara ngapi, saa za mkononi zinazotambua mtu akianguka.

Mwaka 1974, kifungo cha Dibner kilipoanza, ndio mwaka bei ya shaba duniani ilipoanza kuporomoka. Katanga haikuhisi hatari mara moja.

Baba anaanguka

Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Tangu hapo Gécamines haikusimama tena kama zamani. Mwaka 1994 shaba iliyotolewa haikufika tani 50,000. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 1992, wakaaji wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Maelfu walikaa muda mrefu kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Majirani walioishi ukuta kwa ukuta tangu utoto walitenganishwa. Wazee wengi walipoteza siku zile wale ambao wangewaitikia usiku.

Kisha mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa departs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamefanya kazi zaidi ya miaka 20 na walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Walipewa fungu moja la pesa na safari ikaishia hapo. Neno hiari lenyewe limeleta ubishi Katanga hadi leo.

Pamoja na mshahara ziliondoka posho, hospitali ya bure na shule ya watoto. Nyumba zilibaki, lakini hazikuwa tena zile za zamani. Maji yalikauka kwenye mabomba, watu wakaanza kubeba bidoni. Umeme ukawa wa delestage: unakuja usiku wa manane, unakwenda kabla ya mapambazuko. Bukari ikapikwa kwenye mbabula ya makala hata katika nyumba zilizokuwa na jiko la umeme.

Habari ya Mwadingusha inakamilisha picha. Mashine zake zilikuwa zimechakaa. Kompani ya Ivanhoe Mines ililipia matengenezo pamoja na SNEL, na mwaka 2021 kituo kilirudi kutoa umeme, karibu megawati 78. Lakini matengenezo yalilipiwa ili mgodi wa Kamoa-Kakula upate umeme wa kutosha kwenye mtandao. Baada ya miaka 90, mpangilio ni ule ule: shaba kwanza, nyumba ya mzee nyuma.

Foni, kisha telefone

Familia zilipotawanyika, zilitafuta njia ya kusikiana. Katika miaka ya 1990 palikuwa na foni, redio ya masafa marefu kwenye mamisheni na kwa wafanyabiashara. Mtu alikwenda, akalipa, akangoja zamu, akapaza sauti mbele ya watu wote: mama anaumwa, tumeni pesa. Kambo asiyeweza kutembea hakufika kwenye foni. Mtu alimpelekea habari na kumrudishia majibu.

Telefone ya mkononi ilikuwapo Kinshasa tangu mwaka 1986, wakati Miko Rwayitare alipoleta Telecel, lakini ilikuwa ya wakubwa. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2000 na kuja kwa Celtel, kisha Vodacom mwaka 2002. Antena zilisimama, kadi za kukwangua zikauzwa kila kona, na telefone ikaingia katika nyumba ya mchimbaji wa zamani.

Ndipo bip ikazaliwa. Hakuna mwinjinia aliyeibuni. Watu walitambua wenyewe kwamba mlio usiopokelewa haulipiwi, na wakaupa maana. Mara moja: nimeamka. Mara mbili: nipigie. Mtafiti Jonathan Donner, aliyefanya kazi Rwanda, alichapisha makala mwaka 2007 juu ya sheria za bip katika Afrika, na akaonyesha kwamba zinaheshimiwa: mwenye pesa ndiye anayepiga, asiye na pesa anabipa.

Halafu ikaja pesa ndani ya telefone. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika Congo mwaka 2012. Mtoto aliye Kolwezi, kama kilomita 180 kutoka Likasi, hakuhitaji tena kumpa dereva bahasha. Kambo anaweza kununua unga na dawa mwenyewe, siku anayotaka, bila kuomba. Kwa mzee aliyelishwa na kompani maisha yake yote, kushika pesa yake mwenyewe ni jambo kubwa.

Jicho dogo kwenye ukuta

Kuna chombo kingine ambacho sasa kinauzwa masokoni bila makelele: taa ya jua yenye jicho. Kibao chake kinakunywa jua mchana. Usiku jicho linahisi joto la mwili linalosogea, na taa inawaka yenyewe. Mtu akipita, baada ya muda mfupi inazima ili kulinda betri. Haihitaji SNEL wala intaneti.

Kwa kijana ni mapambo. Kwa mzee wa miaka 75 ambaye choo chake kiko nje, nyuma ya mwembe, ni kinga ya mfupa wake. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kuanguka kunaua watu karibu 684,000 kila mwaka duniani, na walio wengi ni wenye zaidi ya miaka 60. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi huo ndio mwisho wa kukaa kwake peke yake. Taa moja kati ya mlango na choo, nyingine karibu na kitanda, inaweza kumwachia miaka ya kukaa katika nyumba yake.

Ukiviweka pamoja, telefone ya vitufe vikubwa, bip ya asubuhi, M-Pesa, taa yenye jicho na redio ya betri, umepata nyumba yenye akili ya Likasi. Si ya kifahari, na ina matatizo yake. Telefone ikikosa chaji kwa sababu ya delestage, bip haiendi, na mtoto aliye mbali anashtuka bure. Mtandao ukilala, ni vile vile. Mjukuu anayejua namba ya siri anaweza kumaliza pesa ya kambo bila yeye kujua. Matatizo hayo hayatatuliwi na mashine mpya. Yanahitaji kibao kidogo cha jua kwa ajili ya chaji, na mtu mmoja mwaminifu wa kusimamia namba ile.

Nani anaitikia?

Vijana walioko Ulaya au Afrika Kusini sasa wanaweza kutuma kamera ndogo za kuweka sebuleni, waone mama kwenye telefone zao. Wanafanya kwa upendo. Lakini kabla ya kupigilia msumari, wakumbuke kampi. Wazee hawa walikwisha kukaa chini ya jicho la mkubwa wa kampi. Wanajua tofauti ya kutunzwa na kuchungwa. Mama anayekubali kamera ni sawa, ni nyumba yake. Mama anayekataa asionwe kuwa mshamba.

Bip ina heshima ambayo kamera haina: mzee ndiye anayeituma. Yeye ndiye anayechagua saa. Hatazamwi na mtu. Anajitangaza mwenyewe kwamba yuko.

Jambo la pili linalofundishwa na historia hii ni gumu zaidi. Nyumba ya Union Minière ilikuwa na taa, maji, sirene na hospitali, vyote vikiwa vimefungwa kwenye kompani moja. Kompani ilipoanguka, nyumba nzima ilinyamaza siku moja. Kifungo cha Dibner kilidumu kwa sababu nyuma yake palikuwa na mtu wa zamu na jirani mwenye ufunguo. Bip ya Likasi nayo inahitaji watu hao. Siku mlio usipofika, mtoto aliye Kolwezi hawezi kuruka kilomita 180. Anayeweza kufika ni jirani, mama wa kwaya, kijana wa duka la kona.

Kwa hiyo familia inayomwacha mzee peke yake Kikula, Panda, Shituru au komini ya Likasi inafaa kukubaliana mambo matatu kabla ya kununua chochote. Bip ifike saa ngapi? Isipofika, nani wa karibu apigiwe kwanza? Na huyo wa karibu ana ufunguo wa mlango? Kama jirani huyo ni maskini, apewe yunite zake kila mwezi, kwa sababu hiyo ni kazi.

Sirene ya kiwanda iliwaita wafanyakazi, na haikungoja jibu. Bip ya mama inangoja. Hata asubuhi ya kesho telefone italia mara moja na kukatwa, na kila siku inayofika salama ni siku nyingine ambayo mzee ameamka katika nyumba yake mwenyewe.